Mama Mkwe Meza Namba Sita

Rehema, ambaye sasa ndiye anayeshika daftari langu la meza, ameniomba niwaandikie ninyi mnaoanza kazi mambo niliyoyaona kabla sijayasahau. Nilimwambia mtu aliyebeba sahani miaka zaidi ya thelathini hasahau. Kinachosahau kwamba nimestaafu ni mgongo, ambao hadi leo unainama kila mtu akipita mlangoni. Lakini Rehema hakuacha kuomba, na mimi hapa Ihumwa sina wa kumhudumia isipokuwa mke wangu Nyemo, ambaye kila nikisimama nyuma ya kiti chake ananiambia nikae chini. Basi nimekaa chini, naandika. Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyeo havikuwa vingi, na mshahara mnaujua wenyewe.

Nilianza kwenye behewa la chakula, treni ya reli ya kati. Mimi ni mtu wa Gulwe, penye stesheni, kwa hiyo treni haikunitisha. Supu ndiyo iliyonitisha. Siku ya kwanza nilipewa bakuli tatu niwapelekee abiria watatu, na treni ikaingia kwenye kona. Abiria wawili walipata supu yao mezani. Wa tatu alikuwa mchungaji, akaipata yake kwenye suruali. Aliniombea palepale kwa sauti, na behewa zima likaitikia amina.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Salumu, mtu wa Tanga, mfupi, mwenye shati jeupe kuliko shati lolote nililowahi kuona ndani ya treni. Hakunifokea siku ile. Alinipa kitambaa, akasubiri nimalize kufuta, kisha akasema, "Tembea kwa magoti." Alimaanisha magoti yalegee ili yapokee mtikisiko badala ya bakuli kuupokea. Ila hakuwa mtu wa kufafanua, kwa hiyo siku mbili zilizofuata nilitembea nimejikunja kama mtu anayetafuta kifungo kilichodondoka, na abiria wenye huruma wakawa wananisaidia kutafuta.

Somo lake la pili lilikuwa mikono. Alisema nisipoteze muda na uso wa mteja, nitazame mikono yake. Mtu anaweza kukuambia hana haraka huku vidole vyake vinahamisha chumvi kutoka kulia kwenda kushoto. Alinifundisha pia nisimuulize mtu kama amemaliza kula, maana akiulizwa hivyo anajiona amefukuzwa. Nilimpenda sana mzee yule. Sikuwahi kumwambia, kwa sababu behewani hatukuwa na desturi ya kuambiana mambo kama hayo, na siku aliyostaafu alishuka Morogoro akiwa amebeba begi na mto wake wa kulalia, akanipungia mkono mara moja.

Baadaye serikali ilihamia Dodoma na makabati yake, na nyuma ya makabati wakaja watu wanaotaka kula vitu ambavyo hapa havikuwepo. Ndipo Pascal akafungua mgahawa. Pascal ni Mfaransa aliyeoa Kondoa, na Kiswahili chake alikipata kwa wakwe zake, kwa hiyo anakemea sufuria kama mama wa Kirangi. Alinichukua mimi kwa sababu aliniona kwenye treni nikimimina chai bila kuitazama. Alinieleza kwamba mgahawa wake hautikisiki. Nilimwambia nitajitahidi kuzoea.

Wiki mbili za kwanza hatukuhudumia mtu, tulifundishwa kuonja. Nilionja konokono. Nilionja ini la bata. Nilionja jibini moja ambayo nilipoinusa niliangalia chini ya kiatu changu kwanza. Kilichonishinda kuelewa ni ukubwa wa sahani na udogo wa chakula. Kwetu ukiletewa sahani pana namna ile na vijiko viwili vya chakula katikati, unauliza wenzako wamekula saa ngapi. Pascal alisema mteja anakuja kula polepole, sahani saba kwa saa tatu. Nilimjibu kwamba Dodoma mtu akikaa saa tatu mezani, ni kikao, na lazima awepo katibu.

Vifaa vya kazi ni vichache, na naomba mvitunze. Kizibuo kizuri kimoja cha chupa za mvinyo, siyo kile cha plastiki. Kibrashi cha kukusanyia makombo. Kitambaa cheupe cha mkononi, na kingine cha akiba mfukoni, kwa sababu kile cha kwanza mtu atakipengea kamasi. Kalamu mbili: moja yako, na moja ya kuondoka na mheshimiwa.

Kesi ngumu zilikuwepo. Mteja mmoja aliirudisha ile jibini akisema imeoza. Nilimweleza kwa adabu kwamba ndivyo inavyotakiwa kuwa. Akaniuliza kama mkubwa wangu anajua kwamba ndivyo ninavyowaambia watu. Mwingine, afisa mzito kabisa, alitaka ugali wa kusindikizia konokono, na Pascal akajifungia stoo dakika tano. Alipotoka aliusonga mwenyewe, kwa machozi, na ukawa mzuri.

Lakini kazi yetu hasa ni meza ya watu wawili. Meza ya watu kumi inajiendesha yenyewe, wanachekeshana na kugombania mishikaki. Meza ya wawili kila kitu kinakuangukia wewe. Wachumba wanasoma menyu nusu saa na hawaoni hata neno moja. Waliooana miaka mitano wanaagiza haraka na kutazama simu. Waliooana miaka mingi sana wanabadilishana sahani katikati ya mlo bila kusema chochote, na hapo usiwaingilie. Niliwasoma wote hao na nilijiona bingwa, mpaka jioni nitakayoieleza sasa.

Kwanza niwaeleze jambo la nyumbani. Sijui koo nyingine, lakini kwa ukoo wa mke wangu, Wagogo wa Buigiri, mama mkwe hali wala hanywi mbele ya mkwe wake wa kiume. Siyo ugomvi, ni heshima. Hawatazamani usoni, na wakiwa na neno wanalipitisha kwa mtu mwingine, hata kama wamesimama hatua mbili. Zuio hili huondolewa. Mkwe anapeleka mbuzi na nguo ya kujifunika, mama anaipokea, wanakula chombo kimoja, na kuanzia siku hiyo anakuwa mama yake kabisa. Wenzangu wengi hulimaliza jambo hilo mwaka wa kwanza wa ndoa.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini ya ndoa na sijalimaliza. Siku ilipangwa mara tatu. Mara ya kwanza ilikuwa Pasaka, na mnajua Pasaka sisi tuko wapi. Mara ya pili Pascal alipata oda ya harusi. Mara ya tatu mbuzi alikuwa amekwisha fungwa kwenye baiskeli, nikapigiwa simu kwamba balozi fulani anakuja na watu kumi na wanne. Yule mbuzi alizeeka kwangu na kufa kifo cha kawaida. Baada ya hapo hakuna aliyepanga siku ya nne, na mimi nikajiambia kwamba kimya chao maana yake wameelewa.

Jioni yenyewe ilianza na daftari. Palikuwa na oda ya shemeji yangu Yona, ndugu yake Nyemo, anayeishi Dar es Salaam tangu ujana wake: watu wawili, saa kumi na mbili na nusu, meza namba sita dirishani, miaka hamsini ya ndoa. Nilijua Yona hana miaka hamsini ya ndoa, hana hata hamsini ya kuzaliwa. Nikadhani aliyepokea simu amekosea kuandika, na kwamba anakuja yeye na mkewe. Rehema na wahudumu wengine walikuwa wamepelekwa kuhudumia tafrija nje ya mgahawa. Ukumbini nilibaki peke yangu na meza tano.

Niliposikia gari nilifungua mlango, nikainama, nikasema, "Karibuni sana." Nilikuwa bado nimeinama nilipoviona viatu vya baba mkwe wangu, Mzee Chilongani. Vile vya kanisani. Nilipoinua kichwa, mama mkwe alikuwa amevuta kitenge hadi puani na kugeukia ukutani ili asinione. Kwa bahati mbaya ukutani ndipo Pascal alipotundika kioo chake kikubwa. Kwa hiyo tulitazamana kwenye kioo, uso kwa uso, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu nimuoe binti yake.

"Mbukwenyi," nikawasalimu kwa Kigogo, nikitazama dari.

"Mbukwa," akaitikia baba mkwe. "Kumbe ndiyo hapa."

"Ndiyo hapa, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Yona alisema tunaenda mahali kula. Hakusema ni kwako."

"Hata mimi hakuniambia, baba."

Wote tukamfikiria Yona. Alinieleza baadaye kwamba alitaka kuwashtua wazazi kwa furaha, na kwamba alichagua kwetu makusudi ili niwahudumie mimi mwenyewe. Amekaa mjini sana Yona. Alikumbuka kila kitu kuhusu mama yake, rangi anayoipenda, wimbo wa kanisani anaoupenda, akasahau kwamba hawezi kula mbele yangu.

Mama aliomba kwanza kwenda msalani. Aliporudi niliwaongoza mezani nikiwa nimewapa mgongo, na yeye akachagua kiti kinachotazama dirisha ili aupe ukumbi kisogo. Nikaona limekwisha, mwanamke mwenye akili. Nilipeleka mkate na supu ya vitunguu kwa kunyoosha mkono tu kutoka nyuma yake.

"Mwambie mkwe asante," alimwambia mumewe.

"Anasema asante," akasema baba mkwe.

"Mwambie karibu," nikasema.

Kisha jua likazama, na lile dirisha nalo likawa kioo. Kila nilipopita na trei, mama aliniona kwenye dirisha, akaweka kijiko chini. Mzee alikula. Mama alisubiri nitoweke, akashika kijiko, nami nikatokea na mvinyo wa meza namba mbili, akakiweka. Nilijaribu kupita nimejikunja. Nilijaribu kupita kinyumenyume, na mheshimiwa wa meza namba mbili akaniuliza kama natafuta kitu. Supu ilirudi jikoni imejaa na imepoa.

"Nini mbaya na supu yangu?" akauliza Pascal.

"Hakuna. Mbaya ni mimi."

Aliipasha moto. Nilikumbuka lile pazia la mbao la kukunja tunalofichia meza za siri za wakubwa, nikalizungushia meza namba sita pande tatu. Nikapita mara moja kujaribu. Nyuma ya pazia nikasikia kijiko kikigonga sahani, halafu kimya, halafu sauti ya mama mkwe ikisema kwa utulivu, "Naviona viatu vyake." Pazia lilikuwa linaishia magotini.

Sasa hapo nilikuwa bado naona ni jambo la kuchekesha kidogo, la kwenda kumsimulia Nyemo. Ndipo baba mkwe akatoka mezani, akaja hadi mlango wa jikoni, kitambaa cha mapajani kikiwa bado kimechomekwa kolani. Hakuwa mtu wa kuja jikoni.

"Mkwe," akasema, "mama yako alichoma sindano yake tulipofika. Ile ya kisukari. Nyemo alimwambia achome akiwa anakaribia kula, na ale mara moja. Sasa muda umepita."

Nilichungulia juu ya pazia, na kama nilivyofundishwa sikutazama uso. Mikono yake ilikuwa imeshika ukingo wa meza na inatetemeka. Pembeni ya kitenge, shingo ilikuwa inang'aa jasho, na mashine ya ubaridi ilikuwa inapuliza palepale alipokaa. Nilishika simu, nikampigia mke wangu, ambaye alikuwa zamu hospitalini. Nyemo ni muuguzi.

"Mpe soda sasa hivi," akasema. "Juisi, sukari, chochote. Stefano, mama anaweza kuanguka."

"Hanywi."

"Kwa nini hanywi?"

"Kwa sababu nipo."

Alinyamaza. Nyemo akinyamaza huwa nasimama wima hata kama yuko mbali. "Nilikuambia ulimalize jambo hili," akasema. "Miaka mingapi nimekuambia? Basi toka humo ndani!"

Lilikuwa wazo zuri. Nilivua kitambaa cha mkononi, nikamwambia Pascal ashike ukumbi, nikamwambia baba mkwe kwamba ninakwenda kukaa nje ya geti na mlinzi mpaka mama amalize kula. Mzee akarudi kumpelekea mkewe habari hiyo. Nilikuwa nimeshika kitasa cha mlango niliposikia jibu. Sauti yake ilikuwa nzito, maneno yanatoka moja moja kama ya mtu aliyeamshwa usingizini, lakini ukumbi wote ulisikia.

"Mwambie asitoke. Mkwe hafukuzwi kwenye nyumba yake ya kazi kwa ajili ya tumbo langu. Akitoka, na mimi natoka. Njaa naijua, tumezoeana."

Hapo nilikwama, vijana wangu. Nikibaki hali, nikitoka hali. Mzee akamwambia jambo kwa Kigogo, haraka haraka, akimsihi. Akamwinulia hata kijiko. Yeye akamjibu kwa Kiswahili, na nikaelewa kwamba amechagua Kiswahili ili isiwepo nafasi ya mimi kujifanya sikusikia vizuri.

"Mwambie mkwe nimengoja miaka ishirini. Siyo mbuzi, mbuzi ninao. Nangoja aje akae. Kila mtu wa serikali amekula mkononi mwake. Wageni ambao hata majina yao hayajui, anajua wanapenda nyama iive vipi. Mimi akija kwangu anasimama mlangoni, anasema zamu, anaondoka. Nikasema basi, labda ananiona sifai kula naye."

Nilisimama na kitasa mkononi. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona kabla wala baada, hata siku ya mchungaji. Kwa sababu alikuwa anasema kweli tupu. Nilikuwa najua chumvi ya balozi na mzio wa mtoto wa waziri, na sikujua kama mama aliyenizalia mke anapenda chai na maziwa au ya rangi. Zamu zilikuwepo, sikatai. Lakini zilikuwepo pia Jumatatu za mapumziko, nyingi sana, nilizolala usingizi.

Niliachia kitasa. Nilikwenda hadi kwenye pazia, nikasimama upande wa pili ambako viatu vyangu vilionekana vizuri.

"Baba," nikasema, "mwambie mama naomba tulimalize sasa hivi."

Mzee Chilongani alitoka nyuma ya pazia. Alikuwa amebadilika. Sasa alikuwa mwenye kikao, na mwenye kikao hana haraka hata pembeni kukiwa na mgonjwa. "Nguo iko wapi?" akauliza.

Nilifungua kabati, nikatoa kitambaa cha meza kipya, cheupe, kikubwa, cha meza ya watu kumi na wawili. Nilimtazama Pascal. Hakuwa anaelewa lolote, lakini alitikisa kichwa kukubali.

"Na mbuzi?"

"Kuna mguu wa mwanakondoo," Pascal akadakia. "Saa nne umekaa ndani ya oveni."

Baba mkwe alilifikiria hilo. "Kondoo siyo mbuzi," akasema.

"Baba, mama anatetemeka," nikasema.

"Naona. Tutasema ni mbuzi wa Ufaransa." Akamgeukia Pascal. "Wewe utakuwa shahidi kwa upande wa mkwe."

"Ndiyo, mzee," akasema Pascal, akavua kofia yake ya upishi.

Nilikunja pazia nikaliegemeza ukutani. Nikapiga magoti mbele ya meza namba sita, na koti jeupe na tai, nikamkabidhi mzee kile kitambaa kwa mikono miwili. Yeye akamfunika mkewe mabegani. Kilikuwa kirefu mno, kikaburuzika hadi karibu na meza namba nne, na mama wa meza namba nne akainua miguu kwa heshima. Mama mkwe alishika pindo, akalipapasa kwa kidole gumba kuona uzito wake. Kisha akashusha kitenge kutoka usoni. Alikuwa na uso wa Nyemo, ule ule, ila umechoka na una jasho.

"Kaa," akaniambia. Neno la kwanza kuniambia mimi mwenyewe.

Mhudumu hakai mezani kwa mteja. Hilo hata sikuhitaji kufundishwa, na sikuwa nimewahi kulivunja, treni ikiwa imesimama wala ikiwa inakwenda. Nilivuta kiti, nikakaa. Pascal alileta juisi ya chungwa niliyomwambia aitie sukari vijiko vinne. Desturi inataka mkwe aanze, kwa hiyo nikanywa funda moja nikampa. Alishika glasi kwa mikono miwili, nami nikaishika chini kwa sababu ilikuwa inacheza, na akainywa yote bila kupumua. Kisha mkate. Kisha supu ililetwa kwa mara ya tatu, bakuli moja, vijiko viwili, tukala kwa zamu, yeye mimi, yeye mimi. Kwenye mkono wake nilianza kuona kijiko kikitulia. Mara ya sita hivi hakikumwaga tena.

Upande wa pili wa ukumbi, mheshimiwa wa meza namba mbili aliinua kidole. Nilikiona. Mgongo wangu ulitaka kuinuka wenyewe, nikaubana kwenye kiti. Pascal akaenda badala yangu, akamkanyaga mheshimiwa, akamwaga mvinyo kidogo, akaomba radhi kwa Kirangi.

Simu ilitikisika mfukoni mwangu, nikaitoa nikampa baba mkwe. Akaipokea, akamwambia Nyemo, "Anakula," halafu akasikiliza kwa muda, halafu akasema, "Wote wawili." Nilimsikia mke wangu akilia kwenye simu, na mimi macho yakanijaa, nikasingizia vitunguu.

Ule mguu wa kondoo uliletwa mzima, jinsi mzee alivyoagiza, na siyo kwa vipande viwili katikati ya sahani. Mama alikata nyama ya kwanza, akaniwekea mbele. Yeye mwenyewe hakula mara moja. Aliweka viwiko mezani, akanitazama nikitafuna, akanitazama kwa muda mrefu waziwazi, kama mtu anayelipwa deni la kutazama.

"Kumbe unakula taratibu," akasema. "Miaka yote hii nilidhani mwanangu ameolewa na mtu mwenye haraka."

Nilikuwa na nyama mdomoni, na mbele ya mama mkwe mtu hasemi na chakula mdomoni.